Tulipobadilisha Kingo za Bwawa la Zamani Mbeya

Mawe ya ukingo ni sehemu ya bwawa la kuogelea inayotumiwa kuliko zote na kuangaliwa kidogo kuliko zote. Watu huyakalia, watoto huyashika wanapojifunza kuelea, wahudumu huyakanyaga asubuhi na jioni wakiwa na ndoo za dawa, na jua la nyanda za juu huyachoma mchana kutwa kabla ya baridi ya usiku kuyashukia. Katika nyumba ya wageni ninayoisimamia jijini Mbeya, kwenye mteremko ulio chini ya mlima Loleza, mawe hayo yalikuwapo tangu wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Yalidumu muda mrefu bila matatizo, kisha yakaanza kulegea moja baada ya jingine katika upande unaopakana na ukumbi wa chakula. Mengine yalimeguka pembeni, mengine yalibaki mazima lakini yakawa yanacheza mtu akiyakanyaga, na chini yake vigae vya bluu vya mstari wa maji vilianza kubanduka na kuzama, jambo ambalo wageni wenye miguu laini walilitambua kabla yetu.

Utaratibu uliokuwapo ulikuwa rahisi. Jiwe likilegea, fundi wa karibu anaitwa, analing'oa, anachanganya udongo wa saruji kwenye karai, analirudisha mahali pake na kujaza viungo. Ni kazi ya asubuhi moja na malipo madogo, na kwa miezi kadhaa hakuna anayelalamika. Kisha mvua za Novemba zinaanza, na kabla hazijakatika mwezi Aprili jiwe lile lile limelegea tena, safari hii pamoja na jirani yake. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekataa kulipia kiraka kingine. Alitaka aletewe mtu wa kumweleza sababu kwanza, habari ya bei ije baadaye.

Aliyekuja alikuwa mzee kutoka Tukuyu, fundi ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia kujenga matangi ya maji. Baada ya kusalimiana aliomba nyundo, akaigeuza, akaanza kugonga jiwe moja baada ya jingine kwa mpini, sikio lake likiwa limeinamishwa karibu na ardhi. Jiwe lililoshika lilitoa mlio mfupi na mkavu. Lililoachia lilitoa mlio wa mtungi mtupu. Kila lilipolia hivyo aliweka alama ya chokaa juu yake na kuendelea bila kusema neno. Alipomaliza mzunguko, alama zilikuwa zimejipanga kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia: karibu zote zilikuwa upande wa ukumbi, na upande wa pili, ambako bwawa linapakana na majani, hapakuwa na alama isipokuwa kwenye kona. Mawe yalikuwa ya umri mmoja, yaliwekwa kwa udongo mmoja, yakatumiwa na watu wale wale.

Kisha akaomba kisu cha jikoni. Upande wa majani alikitumbukiza nyuma ya jiwe hadi kwenye mpini, kwa kuwa huko jiwe lilikuwa limepakana na udongo wa bustani tu. Upande wa ukumbi ncha ya kisu haikupata hata pa kuingilia. Sakafu ya zege iliyotandazwa miaka mingi baada ya bwawa kujengwa ilikuwa imemwagwa moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa mawe, bila nafasi yoyote kati yake.

"Mwanangu," aliniambia, "haya yaliyo karibu na majani hayana ugonjwa. Yaliyo karibu na sakafu yote yanaumwa. Sasa ninyi miaka yote mmekuwa mkimtibu nani?"

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyapitia kwa hesabu, ni haya. Zege huongezeka urefu linapopata joto na kupungua linapopoa. Kiasi chake ni kidogo, kama sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, lakini sakafu yetu ina urefu wa karibu mita 10 kutoka msingi wa ukumbi hadi ukingo wa bwawa, na Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, tofauti ya joto la zege kati ya alfajiri na saa nane mchana hufika nyuzi 20 bila taabu siku ambayo anga halina wingu. Mita 10 zikipata nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa milimita 2. Ukiisikia milimita 2 unaweza kucheka, lakini msingi wa ukumbi hausogei, kwa hiyo urefu wote huo hutafuta njia upande wa bwawa, na kinachokutana nao ni mawe yenye upana wa sentimita 30 yaliyoshikwa na udongo wa saruji peke yake. Usiku sakafu hufupika na kuacha ufa mwembamba nyuma ya mawe. Mchanga na vumbi huingia humo, na kesho yake sakafu inaporefuka hukuta nafasi yake imechukuliwa, ikasukuma zaidi kuliko jana. Kwa miaka mingi ya mchana na usiku, hakuna udongo wa saruji unaoweza kushinda mashindano hayo.

Ufa huo huo ndio uliokuwa mlango wa maji. Mvua na maji yanayorushwa na waogaji yalipita humo, yakashuka hadi juu ya mkanda wa zege unaobeba mawe, yakasambaa nyuma ya vigae na kutokea mbele kwa chini. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu siku zote, nao ni ile michirizi myeupe ya chumvichumvi iliyokuwa ikitokeza kwenye viungo vya vigae, ambayo mhudumu alikuwa akiisugua kila wiki akidhani ni uchafu wa dawa. Michirizi ya namna hiyo ni chokaa iliyoyeyushwa kutoka kwenye saruji na kubebwa na maji yanayotoka nyuma kuja mbele. Kuisugua hakudhuru, ila ukiona inarudi mahali pale pale ujue maji yana njia huko nyuma. Zaidi ya hayo, sakafu ilikuwa imelazwa ikiinamia bwawani, kwa hiyo kila mvua ilisomba matope ya njia na kuyaleta ukingoni. Sakafu inayozunguka bwawa inapaswa kuinama kuelekea nje, angalau sentimita 2 kwa kila mita moja, ili maji machafu yasiende kuogelewa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo kwa hapa kwetu hayafai kusahauliwa. Mbeya iko ndani ya bonde la ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa kawaida kidogo tu, kiasi cha vyombo kugongana kabatini. Bwawa lenye uzito wa maji na sakafu nyepesi iliyolala juu ya udongo wa majivu ya volkano havitikisiki kwa namna moja, na vikiwa vimeunganishwa pamoja, kinachokatika ni kile chembamba kilicho katikati. Jambo la pili ni maji yenyewe. Maji yanayoshuka milimani yana chokaa kidogo, na maji ya aina hiyo yakikaa bwawani huitafuta chokaa mahali palipo karibu, yaani kwenye saruji ya viungo. Tangu kazi hii tunapima ugumu wa maji pamoja na klorini na asidi, tukitunza pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 7.2 na 7.8, na kuongeza kloridi ya kalsiamu kipimo kinapodai. Hapo awali tulikuwa tukipima klorini tu, kama wafanyavyo wengi.

Baada ya sababu kujulikana, swali la kubadilisha mawe machache au upande mzima lilijijibu lenyewe. Jiwe moja lililoachia katikati ya mengine yaliyoshika linaweza kutengenezwa peke yake. Yakifuatana mfululizo yakilia utupu, maana yake mkanda ulio chini yake nao unahitaji kufunuliwa, na kubakiza mawe mazima mawili au matatu katikati ni kujitafutia kazi ya mwakani. Tuliamua kung'oa upande wote wa ukumbi pamoja na kona zake mbili, na kuuacha upande wa majani kama ulivyo.

Uchaguzi wa mawe mapya ulituchukua muda mrefu kuliko ulivyostahili, kwa sababu kila mtu alikuwa na lake. Kwanza palikuwa na wazo la kufyatua mawe mepesi kwa kokoto za pumisi kutoka Rungwe, zile zinazotengenezewa matofali yanayouzwa pembezoni mwa barabara. Ni matofali mazuri kwa kuta, kwani ni mepesi na huzuia baridi, lakini pumisi imejaa vishimo vinavyonyonya maji, na pembe yake humeguka kwa kugongwa kidogo. Ukingoni mwa bwawa haina nafasi. Pili palikuwa na marumaru za kung'aa kutoka maduka ya Mwanjelwa, ambako muuzaji alituhakikishia kuwa kila kitu dukani kwake ni orijino, hata vile vitu ambavyo sikuwa nimeviulizia. Kigae kinachong'aa kikilowa huteleza, na ukingo wa bwawa hulowa kila siku, hivyo mjadala huo uliisha haraka.

La tatu lilikuwa jiwe la travatini la Songwe, ambalo chemchemi za maji moto zimelijenga tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, na ambalo huchimbwa na kukatwa hapa hapa mkoani na mkoa jirani. Nililipenda, na bado nalipenda. Halipati joto kali juani, na lisipong'arishwa halitelezi. Ila lina vishimo vya asili vinavyohitaji kuzibwa, na kwa kuwa ni jiwe la chokaa halivumilii asidi. Mhudumu mmoja mwenye haraka akimwaga juu yake asidi ya kusafishia vyoo, litachemka na kubaki na makovu. Bwawani asidi haikosekani, maana ndiyo tunayoitumia kushusha pH. Mama mwenye nyumba aliuliza kama naweza kuahidi kwamba hakuna mtu atakayemwaga asidi hapo kwa miaka 20. Hakuna msimamizi anayeweza kuahidi hivyo.

Tukabaki na mawe ya zege tunayoyamwaga wenyewe katika kalibu za mbao, sentimita 60 kwa 30, unene sentimita 5, kwa saruji ya Songwe ya daraja la 42.5, mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yakawa safi, na kokoto ndogo ngumu. Mzee alisimamia maji ya mchanganyiko kwa ukali ambao vijana waliuona umezidi. Kila ndoo ya maji inayoongezwa ili zege liwe rahisi kumwagika huacha vitundu vidogo zege linapokauka, na vitundu hivyo ndivyo njia za maji ya baadaye. Pua ya jiwe, ile sehemu inayotokeza juu ya maji, tuliizungushia umbo la duara ili isichubue mikono wala mapaja, na chini ya pua mzee alitaka uwekwe mfereji mwembamba kwa kulaza kipande cha waya mnene ndani ya kalibu. Tone la maji linalotembea chini ya jiwe kuelekea nyuma hukutana na mfereji huo na kudondoka bwawani badala ya kufika kwenye kiungo cha kigae. Gharama ya mfereji ni kipande cha waya. Mawe yalifunikwa kwa magunia na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha yakaachwa kivulini hadi siku 28 zilipotimia.

Majira ya kazi yalihitaji kufikiriwa pia. Kati ya Novemba na Aprili mvua haziruhusu. Juni na Julai ni mikavu, lakini usiku baridi hushuka chini kabisa ya nyuzi 10, na saruji ikipoa sana hukomaa polepole mno. Karibu na nyuzi 5 wajenzi hushauriwa kutomwaga zege kabisa. Agosti na Septemba joto hurudi, ila upepo mkavu hunyonya maji kwenye uso wa zege kabla halijashika na kuacha nyufa za juujuu. Tulichagua Septemba, tukajikinga na upepo kwa magunia mabichi, na kupanga kumwaga saa za jioni.

Kuhusu maji ya bwawa, vijana walitaka kuyatoa yote ili wafanye kazi wakiwa wamesimama ndani. Mzee alikataa, na hapa namshukuru kuliko mahali pengine popote. Bwawa la zege likiwa tupu, na ardhi inayolizunguka ikiwa imejaa maji, husukumwa kutoka chini na linaweza kupasuka au hata kunyanyuka. Septemba ardhi ya Mbeya huwa kavu, lakini mteremko wa Loleza una chemchemi ambazo hazijulikani zinapita wapi, na kwa kazi ya ukingo hapakuwa na faida yoyote ya kubahatisha. Tulishusha maji hadi chini kidogo ya mstari wa vigae, tukatandaza turubai juu yake likafungwa kwa kamba ili vifusi visizame, na umeme wa pampu na taa za bwawa ukazimwa kwenye swichi kuu, ambayo ufunguo wake nilikaa nao mfukoni. Mtu mwenye grinda mkononi na miguu yake ikiwa majini hapewi nafasi ya pili.

Kung'oa kulianzia nyuma, upande wa sakafu. Tulipiga mstari wa chaki umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye mawe, tukakata sakafu kwa grinda huku kijana mmoja akimwagia maji kwenye diski, kwa sababu vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu polepole na kitambaa cha puani hakilizuii. Ukanda huo wa sakafu ulipoondolewa, mawe yalianza kutoka yenyewe. Mengi yalinyanyuliwa kwa mkono, bila tindo. Hapo ndipo nilipoona kwa karibu kile ambacho nyundo ilikuwa imekisikia: chini ya kila jiwe palikuwa na madonge matano ya udongo wa saruji, manne pembeni na moja katikati, na kati ya madonge hayo palikuwa na utupu uliojaa matope meusi, mizizi midogo ya majani na maji yaliyokuwa hayajakauka licha ya miezi mitano ya kiangazi. Mafundi wengi hulaza mawe kwa madonge kwa sababu ni rahisi kulisawazisha jiwe kwa kuligonga. Ndani ya nyumba mtindo huo unaweza kupita. Nje, penye maji, ni kujenga birika chini ya kila jiwe.

Mkanda wa zege ulikuwa mzima kwa sehemu kubwa, isipokuwa kipande kilicho karibu na mdomo wa kuvutia maji kwenda kwenye chujio. Hapo zege lilikuwa limepasuka kwa tabaka, na nondo ya juu ilikuwa imevimba kwa kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana nondo inayooza hulipasua zege kutoka ndani. Kupaka saruji juu ya kutu ni kuifunika tu. Tulichimba hadi nyuma ya nondo kiasi cha sentimita 2 ili mkono wenye brashi ya waya uzunguke pande zote, tukasugua mpaka chuma kikaonekana kikiwa cheupe, na pale ambapo nondo ilikuwa imeliwa tuliongeza nondo mpya ya milimita 12 iliyopandana na ile ya zamani kwa karibu nusu mita kila upande, ikafungwa kwa waya. Kisha zege la zamani lililoweshwa tangu jana yake, madimbwi yakakaushwa kwa kitambaa, uso ukapakwa uji mzito wa saruji, na zege jipya likawekwa kabla uji ule haujakauka. Mzee alirudia jambo hilo la mwisho mara nyingi. Uji ukikauka kabla ya zege kuwekwa hugeuka kuwa utando unaotenganisha vitu viwili badala ya kuviunganisha, na ni afadhali usingeupaka.

Kulaza mawe kulianza kwenye kona. Kwa kusawazisha hatukutegemea pimamaji peke yake, kwa kuwa kosa dogo la pimamaji hujumlika jiwe baada ya jiwe. Tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, ncha moja kwenye kona ya upande wa majani, ambayo haikuguswa, na nyingine ikihamishwa kila mita mbili. Ukuta uliopinda kidogo huonwa na fundi tu, lakini ukingo wa bwawa uliopanda au kushuka kwa sentimita moja huumbuliwa na maji yenyewe siku yanapojazwa, na kila mgeni anayeketi na soda yake anauona. Udongo wa saruji ulichanganywa kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga tatu, ukatandazwa juu ya mkanda wote bila kuacha nafasi, unene wa sentimita 3 hivi, na mgongo wa kila jiwe ukapakwa uji wa saruji kabla ya kushushwa. Jiwe liligongwa kwa nyundo ya mpira hadi udongo ukatokeza pande zote nne. Kila baada ya mawe machache mzee aliamuru jiwe moja linyanyuliwe tena, aone kama mgongo wake umelowa udongo wote. Vijana walilalamika mwanzoni, kisha wakaanza kunyanyua wenyewe bila kuambiwa.

Baada ya hapo ukanda wa sakafu uliokatwa ulimwagwa upya, sasa ukiinamia nje, na kati yake na mgongo wa mawe tulisimamisha ubao mwembamba wa milimita 12 uliopakwa mafuta machafu ili utoke kwa urahisi. Nafasi iliyoachwa na ubao huo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mawe mapya bila nafasi hiyo yangeanza kulegea kama yale ya zamani. Ni hapo pia ambapo mabwawa mengi huharibiwa siku ya mwisho, fundi anayetaka kuacha mahali pasafi anapochukua saruji iliyobaki kwenye karai na kuijaza nafasi ile. Saruji hukakamaa. Sakafu ikisukuma, saruji ile husukuma jiwe, na tumerudi kule kule.

Nafasi hiyo inajazwa kwa gundi ya poliyurethani, ambayo hushika zege pande mbili na kubaki ikinyumbulika. Kwa upana wa milimita 12, gundi ya daraja zuri huvumilia kutanuka na kubanwa kwa robo ya upana wake, yaani milimita 3, na sisi tulihitaji 2. Chini yake huwekwa kwanza kamba ya povu iliyo nene kidogo kuliko nafasi, kwa sababu mbili. Kamba huzuia gundi isizame na kwisha bure, kwani kina kinachohitajika ni nusu tu ya upana. Na muhimu zaidi, huzuia gundi isishike sehemu ya chini. Gundi iliyoshika pande tatu haiwezi kunyumbulika, huchanika katikati. Mwanjelwa hatukupata kamba ya povu, ikabidi iagizwe Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Wapo walioshauri tukunje mifuko ya nailoni mahali pake. Tuliingoja kamba, na kungoja kwenyewe hakukutuchelewesha, kwa kuwa gundi hiyo haipaswi kuwekwa kwenye zege bichi. Unyevu unaotoka ndani huibandua. Tulipoiweka, tulinyunyizia mchanga mkavu juu yake kabla haijashika, ili jua lisiikaushe mapema na ili rangi yake ifanane na sakafu.

Bwawa lilijazwa polepole, na maji yalipofika kwenye vigae mstari ulikuwa sawa kutoka kona hadi kona. Mzee alipokea malipo yake, akamwambia mama mwenye nyumba "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kumwachia agizo kwamba yeyote atakayetandaza sakafu nyingine hapo aonyeshwe kwanza ile nafasi na kuelezwa ni ya nini.

Mvua zimepita tangu wakati huo, na michirizi myeupe haijarudi upande wa ukumbi. Kila Oktoba, kabla ya mvua, mimi hupita ukingoni na mpini wa nyundo, kisha huibonyeza gundi kwa kidole gumba mita kwa mita. Ikirudi juu yenyewe iko hai, ikibaki imebonyea au ikiachana na zege pembeni hukatwa kipande hicho na kujazwa kipya. Karibu na mlango wa jikoni, ambako magurudumu ya mitungi ya gesi hupita, imekwisha kuhitaji kujazwa mara moja. Kwenye kona ya upande wa majani lipo jiwe moja la zamani ambalo mlio wake umeanza kubadilika, na nyuma yake mtunza bustani alikuwa amejenga njia ndogo ya matofali iliyofika hadi kwenye mawe. Nimemwomba aisogeze nyuma kwa upana wa kiganja, na Septemba ijayo jiwe hilo litanyanyuliwa.